Vazi langu la askari wa anga limepukutika mbele ya watoto. Kosa ni gundi, rangi au nini?

#1 Kakakuona_Tabata
Wakuu habari za jioni.

Nina miezi minne natengeneza vazi la askari wa anga za juu hapa nyumbani, sio la sinema yoyote, nimechora mwenyewe. Kifuani na mgongoni magamba kama ya kakakuona, mabega makubwa, helmeti ina kioo cheusi. Nimetumia ile mikeka ya watoto ya kupachikana yenye unene wa milimita 10, magamba nimekata kwenye shiti nyembamba ya milimita 5 niliyochukua Kariakoo kwa wauza vifaa vya viatu. Gundi ni ile ya njano ya mafundi viatu. Kupinda nimepinda na hitigani (ile mashine ya kupuliza hewa moto) niliyoazima kwa jamaa anayebandika tinti za magari. Rangi ni spray ya magari, nyeusi kwanza halafu silva, juu nikapiga vanishi.

Jumamosi nikalivaa mara ya kwanza kwenye bethdei ya mpwa wangu anatimiza miaka 9. Saa nane mchana naingia uani watoto wanapiga kelele mpaka majirani wanachungulia ukutani, raha tupu. Kufika saa kumi bega la kushoto limefunguka kwenye maungio kama mdomo wa sato, rangi ya kifuani imepasuka mistari mistari kama tope la bwawa lililokauka, na magamba 14 yameanguka kabla keki haijakatwa. Katoto kamoja kakaniletea gamba mkononi kakasema anko umepukutika.

Nilikuwa na mpango wa kwenda nalo Naiccon kule Nairobi, lile tamasha la vibonzo na watu wa mavazi kama haya. Sasa nataka kujua kosa liko wapi, ni gundi, ni rangi, au ni fomu yenyewe?

#2 Sukari Guru
Fomu gani tena mkuu, ya kodi kule TRA?

#3 Kakakuona_Tabata
Foam bwana we, hii sponji ya mikeka. Haya tuiite EVA tusichanganyane.

#4 Msasa Mia Nane
Mimi napiga rangi magari miaka 11 sasa. Kosa lako liko wazi, rangi ya gari imetengenezwa kukaa kwenye bati na bati halipindi. Wewe umeipiga kwenye kitu laini kama kandambili, ukiinama kifua kinakunja, rangi haijui kukunja, inapasuka. Hata bampa za plastiki huwa tunachanganya dawa ya kulainisha rangi la sivyo ikiguswa kidogo inakatika. Kwanza umepiga praima, ile rangi ya msingi ya kushikia?

#5 Kakakuona_Tabata
Sikupiga praima. Ila kaka Msasa, rangi sawa, na magamba kuanguka je? Rangi haihusiki hapo.

#6 Njoro wa Umoja
Sasa wasee. Boss huku Nairobi tulishapitia hiyo shida. Hiyo gundi ya viatu ulipaka side moja ama zote mbili? Na ulingoja? Watu wengi wanapaka kama gundi ya karatasi, wanabandika ikiwa bado mbichi, inashika juu juu tu. Inafaa upake pande zote mbili, uache dakika kama kumi hivi, ukiigusa na kidole isikunate, ndio ubandike na ufinye kwa nguvu. Ikishaguswa na mwenzake imeisha hiyo, huwezi sogeza tena. Cousin yangu alibandika mguu wa vazi upside down, ikabidi akate na wembe.

#7 Kakakuona_Tabata
Njoro nilipaka pande zote na nilisubiri. Nilisubiri hata zaidi ya dakika 10 kwa sababu umeme ulikatika nikaenda kutafuta tochi.

#8 Njoro wa Umoja
Ulitafuta tochi for how long 😂

#9 Kakakuona_Tabata
Kama saa moja na nusu.

#10 Shoka la Bei Chee
Kesi imefungwa. Ilishakauka ukabandika vitu viwili vikavu. Tunakunywa nini?

#11 Chemsha Bongo
Msifunge haraka. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Morogoro na ninawapa lingine. Gundi zile zina kiyeyushi kinachokauka kwa kasi, toluini mara nyingi. Kiyeyushi kikipaa kinachukua joto kwa hiyo uso wa gundi unapoa, ni kama ukimwaga spiriti mkononi unavyosikia baridi. Sasa kwa unyevunyevu wa Dar, uso ukipoa unavuta mvuke wa maji, unapata kautando ka maji usikokaona kabisa. Ukibandika hapo maji yanakuwa katikati. Mkuu ulibandika saa ngapi na hali ya hewa ilikuwaje?

#12 Kakakuona_Tabata
Usiku, mvua imetoka kunyesha. Lakini hayo ni magamba tu. Bega nilibandika wiki nyingine, mchana, jua kali.

#13 Sukari Guru
Kwa hiyo magamba yana kesi yake na bega lina kesi yake. Hii sasa ni mahakama ya Kisutu.

#14 Bi Cherehani
Asalam aleykum. Mie ni fundi nguo Tanga, hayo ya anga siyajui lakini maungio nayajua. Mwanangu hebu niambie, ulipata wapi patani ya bega? Maana bega la mtu si bakuli. Ukitaka kitu bapa kiwe mviringo lazima ukitoe dati, ukate pembe tatu halafu uzikutanishe, kama tunavyofanya kifua cha blauzi. Ukilazimisha kwa moto tu kinakubali siku hiyo, kesho kinarudi kilivyokuwa, na kikirudi kinavuta mshono. Ndio huo mdomo wako wa sato.

#15 Kakakuona_Tabata
Bi Cherehani marhaba na shikamoo. Patani niliipata kwenye intaneti, zile za kukunja karatasi, nikaziprinti kwenye A4.

#16 Bi Cherehani
Hizo za mtu gani? Amekupima? Hakukupima. Mwili wako uko Tabata, patani iko sijui wapi. Vaa fulana ya zamani usiyoitaka, mkeo akuzungushie nailoni ya jikoni, juu yake ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi mpaka uwe kama maiti ya Misri, halafu achore kwa kalamu pale bega linapoishia, kwapa, mbavu. Mkate kwa mkasi, mlivue, mlilaze mezani. Hapo penye kukataa kulala bapa ndipo penye dati. Hilo ndilo bega lako.

#17 Njoro wa Umoja
Huyu mama amenimaliza. Nimekuwa nikilipia patani online na kumbe fundi wa nguo yuko hapo chini ya ploti yetu.

#18 Mdigo Mpole
Nakubaliana na Bi Cherehani kwa bega ila anaposema moto haufai hapana. EVA ukiipasha vizuri inakubali na inabaki. Angalia uso wake, ukipitisha hitigani polepole inaanza kung'aa, vile vitundu vinajifunga, hapo ndipo unaifinyia kwenye goti au kwenye mgongo wa sufuria na unaishikilia mpaka ipoe. Wengi wanaiachia ingali moto. Na hiyo kung'aa ndiyo inazuia rangi isinywewe. Kakakuona ulipasha EVA yote kabla ya rangi ama ulipasha pale pa kupinda tu?

#19 Kakakuona_Tabata
Pale pa kupinda tu. Kumbe inatakiwa yote?

#20 Mdigo Mpole
Yote ndugu yangu. Isipopashwa ni sponji, inakunywa rangi. Halafu unapiga gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mipako mitatu minne, kila mmoja ukauke. Hiyo ndiyo praima ya maskini.

#21 Msasa Mia Nane
Kwa hiyo tumerudi kwangu post #4, rangi.

#22 Mdigo Mpole
Hapana, tumekuja kwangu. Wewe ulisema rangi ni ngumu, mimi nasema EVA haikuandaliwa. Ni vitu viwili.

#23 Msasa Mia Nane
Na hiyo gundi ya mbao ikikauka ni ngumu pia, itapasuka vilevile. Sema nisikie.

#24 Mdigo Mpole
Ikiwa nyembamba haipasuki. Nina gauntleti (kinga za mikono) za mwaka 2019 ziko ukutani.

#25 Shoka la Bei Chee
Ziko ukutani hazikunji mkono 😂😂

#26 Leicester Baridi
Naingia kwa kuchelewa, huku ni usiku. Mnamsumbua bure kijana, mikeka ndiyo tatizo. Sio kila mkeka wa watoto ni EVA. Mingine ya bei ndogo ni polithini iliyotiwa hewa, na polithini haishiki gundi wala rangi, kila kitu kinateleza juu yake. Kama ni EVA, ukikata kipande kidogo ukakichoma inatoa harufu ya siki. Ikiwa polithini inanuka mshumaa. Fanyia nje, kipande kama ukucha tu, na usipeleke pua kwenye moshi.

Mimi pia huku niliharibu miguu yote miwili ya vazi kwa sababu ya mkeka wa gym wa bei ya kutupa.

#27 Chemsha Bongo
Leicester yuko sahihi kikemia. EVA ni ethilini na vinili asetati, na hiyo asetati ndiyo inayotoa siki. Ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye ndala na soli za raba.

#28 Kakakuona_Tabata
Nimechoma. Mimi nasikia siki. Mke wangu anasikia mshumaa. Shemeji alikuwepo anasema inanuka kama soksi.

#29 Sukari Guru
Nani amechomwa sasa, mkeka au shemeji

#30 Leicester Baridi
Umechoma mkeka au ile shiti ya Kariakoo?

#31 Kakakuona_Tabata
Mkeka. Shiti ya magamba iliisha. Nina gamba moja mpwa wangu amelikataa kunirudishia, anasema ni la kwake.

#32 Dada Printa
Mambo. Kwa nini mnateseka na mikeka mwaka huu wakati kuna printa za 3D? Mimi niko Arusha, helmeti naprinti usiku na mchana, siku mbili imetoka, napiga filla, msasa, rangi ya gari ya kaka Msasa inakaa kama gari kweli. Hakuna kupasuka.

#33 Njoro wa Umoja
Dada umeprinti na PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa? Usiache kwa gari.

#34 Dada Printa
Arusha kuna baridi 😅 ila ni kweli, PLA ikifika nyuzi 60 hivi inaanza kulegea. Nilimprintia mteja wa Dar kofia, akaiacha juu ya dashibodi mchana, akanitumia picha, kofia imekuwa kama chapati imekunjwa nusu. Ndio maana sasa hivi wa Pwani nawaprintia kwa plastiki nyingine, PETG, inavumilia zaidi. Na umeme ukikatika katikati kuna printa zinaendelea pale zilipoishia, lakini unabaki na mstari, ndio unapiga filla.

#35 Shoka la Bei Chee
Vazi zima la magamba kwa printa ni kilo ngapi za plastiki? Mtu avae Tabata mwezi wa pili? Atatoka humo akiwa supu.

#36 Mzee wa Faiba
Vijana mnahangaika. Faiba. Tunatengeneza boti Kigamboni, bampa, tangi la maji, kila kitu. Unafinyanga udongo, unatoa moldi, unaweka mati na rezini na hadina, imekwisha. Hata zile kofia nyeupe za wanajeshi wa anga kwenye sinema ya zamani ya nyota ni faiba.

#37 Leicester Baridi
Mzee heshima yako ila hapo sio. Zile helmeti nyeupe za Star Wars, sinema ya 1977, zilikuwa plastiki iliyopashwa moto ikavutwa juu ya moldi kwa mashine ya kufyonza hewa. Alizitengeneza Andrew Ainsworth hapa Uingereza, Twickenham, mwaka 1976, naye kazi yake kabla ya hapo ilikuwa mitumbwi ya plastiki na mabwawa ya samaki ya bustani. Baadaye akaanza kuuza nakala, kampuni ya sinema ikamshtaki, ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza 2011, wakaamua kofia ile sio sanamu ya sanaa bali ni kifaa cha kuvaa kwenye sinema, kwa hiyo hapa Uingereza aliachwa aendelee kuuza. Marekani ndio alikuwa ameshashindwa kesi tangu 2006.

#38 Mzee wa Faiba
Mtengeneza mitumbwi! Si ndio ninachosema, mtu wa boti.

#39 Leicester Baridi
Haya mzee hiyo nakuachia.

#40 Sukari Guru
Na mtaona kwenye sinema yenyewe kuna mmoja anaingia mlangoni anajigonga kichwa, wakaiacha hivyohivyo. Kofia haoni kitu. Kakakuona wewe ulijigonga?

#41 Kakakuona_Tabata
Kwenye waya wa kuanikia nguo. Kioo nimetumia cha helmeti ya bodaboda nikabandika tinti mbili, chini sioni kabisa. Nilikanyaga zawadi moja.

#42 Njoro wa Umoja
Tinti moja inatosha na utoboe chini ya kidevu hewa iingie. Mimi nimeweka feni ndogo ya kompyuta na pawabanki mgongoni, bila hiyo kioo kinafunga mvuke dakika tatu.

#43 Bodaboda Mstaafu
Samahani kuuliza, hayo magamba sio ya kakakuona kweli eeh? Maana nimesoma post ya kwanza haraka nikashtuka.

#44 Kakakuona_Tabata
Hapana jamani!! Ni mkeka. Nimeiga umbo tu.

#45 Chemsha Bongo
Afadhali. Ya kweli ni keratini, kitu kilekile cha kucha zako, na biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa kakakuona wa aina zote nane, uamuzi wa 2016. Hapa kwetu ukikutwa nayo hutaulizia gundi tena.

#46 Shoka la Bei Chee
Kwa bibi yangu Dodoma kakakuona akionekana anawekewa vitu mbele atabiri mwaka. Panga, maji, mtama. Akichukua maji mvua ipo. Mkuu siku ya bethdei uliwekewa nini mbele?

#47 Kakakuona_Tabata
Keki, soda na pilau. Nilichagua pilau.

#48 Sukari Guru
Ndio chanzo. Ulipima vazi lini na ulivaa lini?

#49 Kakakuona_Tabata
Nilipima mwezi wa tano. Nimevaa mwezi wa tisa.

#50 Sukari Guru
Na kati ya hapo kitambi kimefanya nini

#51 Kakakuona_Tabata
Hakuna kitambi.

#52 Mdigo Mpole
Usimcheke, hilo swali ni la msingi. Kifua kikiwa kimekaza, kila ukivuta pumzi maungio yanavutwa. Gundi haijali kwa nini inavutwa.

#53 Bi Cherehani
Sukari Guru kasema la maana kwa mara ya kwanza tangu uzi uanze. Mie wateja wangu wa harusi nawapima mara mbili, wiki ya mwisho lazima.

#54 Kakakuona_Tabata
Kilo nne tu jamani.

#55 Shoka la Bei Chee
😂😂😂😂 KILO NNE TU

#56 Fundi Kiatu Mbagala
Nimeletewa huu uzi na mteja. Mimi na hiyo gundi ya njano tunaishi pamoja. Hakuna aliyeuliza kitu kimoja, je alikwangua? Shiti mpya ya EVA inatoka kiwandani na ngozi laini na kama mafuta fulani ya moldi juu. Sisi soli hatubandiki bila kupiga tupa au msasa mpaka iwe na vinyweleo, halafu tunafuta vumbi. Ukibandika juu ya ngozi ile, gundi imeshika ngozi, ngozi haijakushika wewe. Angalia gamba lililoanguka: kama gundi imebaki yote kwenye kifua na gamba ni safi kama sahani, ni hilo. Kama gundi imegawanyika huku na huku, ni unyevu au ulibandika ikiwa kavu.

#57 Kakakuona_Tabata
Kaka huu ndio ushauri. Ngoja nimnyang'anye mpwa gamba lake.

#58 Kakakuona_Tabata
Nimelipata kwa kubadilishana na biskuti. Gamba upande mmoja ni safi kabisa, upande wa chini penye ncha kuna gundi. Kwenye kifua gundi ipo karibu yote ila kuna sehemu imetoka na rangi... maana yake nilibandika magamba mengine juu ya rangi nyeusi. Nilisahau kusema hilo.

#59 Fundi Kiatu Mbagala
Ulibandika juu ya RANGI?

#60 Kakakuona_Tabata
Safu tatu za chini tu. Nilipaka nyeusi kwanza ili katikati ya magamba pasionekane rangi ya mkeka, ni wa bluu na una herufi za A B C.

#61 Msasa Mia Nane
Rangi. Nilisema tangu post #4.

#62 Njoro wa Umoja
Wewe ulisema imepasuka juu ya kifua. Hii ni gundi kukalia rangi. Usijipee medali.

#63 Dada Printa
Swali, yaliyoanguka 14 ni ya safu za chini?

#64 Kakakuona_Tabata
Tisa ya chini. Matano ya juu, karibu na kwapa.

#65 Chemsha Bongo
Basi ya juu hayakuwa juu ya rangi. Jasho? Chumvi na joto la kwapa, gundi ile ikipata joto inalegea.

#66 Mzee Bati
Mimi nimeezeka nyumba zaidi ya mia na nikiangalia hayo magamba naona vigae. Kigae hakibandikwi chote, kinashikwa juu tu, chini kinaelea. Mtu akibandika gamba lote kutoka juu mpaka ncha, akiinua mkono kwapa linakunja lakini gamba haliwezi kukunja, litang'oka tu. Hata huyo mnyama mwenyewe magamba yameshikwa kwenye shina, ncha ziko huru, ndio maana anajikunja akawa mpira. Bandika theluthi ya juu, inatosha.

#67 Mdigo Mpole
Mzee Bati nimesimama nakupigia saluti.

#68 Fundi Kiatu Mbagala
Theluthi moja tu bila kukwangua yataanguka mapema zaidi. Akwangue kwanza.

#69 Mzee Bati
Akwangue na abandike theluthi. Sijakataa.

#70 Leicester Baridi
Na kama mkeka ni polithini akwangue mpaka kesho haitamsaidia. Siki au mshumaa bado hatujajua.

#71 Mama Watatu
Samahani wajuzi, mimi nina mtoto wa miaka 12 anataka kutengeneza, amekusanya makatoni ya TV. Hayo magundi ni salama?

#72 Chemsha Bongo
Mama katoni ni kianzio kizuri, atumie gundi nyeupe ya mbao na selotepu ya karatasi, afunike na magazeti yaliyoloweshwa kwenye gundi hiyohiyo. Hii ya viatu asiiguse peke yake, mvuke wake unalevya na unashika moto, watu wazima wenyewe waipakie nje mbali na jiko. Na barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitali inazuia vumbi la msasa kidogo, mvuke hauizuii kabisa. Kuna zile zenye vichujio vya mkaa pembeni, ndizo.

#73 Shoka la Bei Chee
Kuna jamaa mtaani anakanda bomba za PVC za inchi nne kwenye jiko la mkaa, anazilaza zinakuwa shiti, anatengeneza ngao. Kitu kigumu hicho, bei poa.

#74 Chemsha Bongo
Mwambie asiziunguze. PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi ya haidrokloriki, inachoma koo na mapafu. Joto la kulainisha tu, kwa mbali, na sio juu ya mkaa mwekundu.

#75 Njoro wa Umoja
Kakakuona kitu kingine, ukija Nairobi usipake jungle wala rangi za kombati, na bunduki ya kuchonga iache ama uipake machungwa kabisa. Tulishushwa matatu kwa sababu ya mtu mmoja na rifle ya kadibodi.

#76 Bodaboda Mstaafu
Huku Bongo pia. 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe nguo zote zinazofanana na za jeshi. Utaenda kuwaeleza kuwa wewe ni jeshi la Mars?

#77 Leicester Baridi
Kuna kikundi cha Marekani kilianza 1997 na sasa kiko nchi nyingi, wanavaa hayo mavazi meupe ya Star Wars na kutembelea wagonjwa mahospitalini. Kujiunga unatuma picha, wanakukagua kila kipande, mkanda ukikosea wanakurudisha. Mimi nilirudishwa kwa sababu ya vifungo vya mgongoni. Vazi la Kakakuona hawatalichukua kwa sababu halipo kwenye sinema, lakini ningependa kuona sura ya mkaguzi akifika kwenye magamba.

#78 Kakakuona_Tabata
Mrejesho. Nimefuata kila mtu maana siwezi kuchagua. Bega nimelikata upya kwa patani ya Bi Cherehani, mke wangu alinifunga nailoni mpaka nikakosa pumzi, kweli kuna dati mbili ambazo patani ya intaneti haikuwa nazo. Magamba 40 nimeyakwangua na msasa namba 80. Nusu nimebandika theluthi ya juu kama Mzee Bati alivyosema, nusu nyingine nimebandika yote ila juu ya EVA tupu isiyo na rangi. Upande wa kulia nimepasha moto na kupiga gundi ya mbao, upande wa kushoto nimepiga rangi ya Msasa yenye dawa ya bampa.

#79 Msasa Mia Nane
Sasa yakianguka utajuaje ni lipi?

#80 Kakakuona_Tabata
Sijafikiria hilo.

#81 Kakakuona_Tabata
Nimelivaa leo masaa matatu nikifagia uani. Limeanguka gamba moja. Liko katikati ya mgongo, kulia, la kubandikwa lote, lililokwanguliwa, bila rangi chini.

#82 Fundi Kiatu Mbagala
Hukukwangua vizuri.

#83 Mzee Bati
Si nilisema theluthi.

#84 Leicester Baridi
Polithini.

#85 Sukari Guru
Umepima uzito leo?

#86 Bi Cherehani
Mwacheni kijana. Mwanangu, mkanda wa kifuani umeweka lastiki au umeweka mkanda wa begi usiovutika?

#87 Kakakuona_Tabata
Wa begi la shule, vile vifungo vya plastiki vya kulia tak.

#88 Bi Cherehani
Badilisha. Weka lastiki pana, inchi mbili, mbavuni pande zote. Ukila pilau livutike lenyewe.

#89 Mdigo Mpole
Picha bado hatujaona mpaka sasa, kurasa zote hizi.

#90 Kakakuona_Tabata
Simu iko chaji, umeme ukirudi naweka. Mpwa wangu ameuliza kama lile gamba jipya lililoanguka nalo ni la kwake.